Mama anayesoma Yasini si mtu asiyejua kusoma: kisomo cha watu wazima Unguja na Pemba

Mama wa miaka 58 anakwenda kujiandikisha darasa la kisomo Micheweni, Pemba. Penye jina lake, daftari la usajili linaandikwa "hajui kusoma wala kuandika", naye anatia dole gumba. Usiku wa kuamkia Ijumaa mama huyohuyo anafunua msahafu na kusoma Yasini, kidole kikifuata mstari kutoka kulia kwenda kushoto. Daftari limekosea, na kosa lenyewe si dogo, kwa sababu ndilo litakaloamua namna ya kumfundisha. Ataanzishwa a, e, i, o, u kama mtoto wa miaka sita, ataitikishwa "ma, me, mi, mo, mu" pamoja na wenzake, na wiki ya tatu atapata mwani wa kuvuna au mgonjwa wa kuuguza, asirudi tena.

Wanakisomo wengi wa visiwani wamepita chuoni, yaani madrasa ya Kurani, utotoni. Elimu ile inawabeba sana wanapoingia katika herufi za Kirumi, na mahali pengine inawatega. Mwalimu asiyejua inapobeba na inapotega huishia kusema kuwa mtu mzima ana kichwa kigumu.

Anachokijua tayari

Jambo gumu kuliko yote katika kujifunza kusoma si umbo la herufi. Ni kufahamu kwamba neno linalotoka mdomoni linaweza kukatwa vipande vya sauti, na kila kipande kikapewa alama. Asiyewahi kukutana na maandishi ya aina yoyote, neno "samaki" kwake ni samaki tu. Hajajua kuwa ndani yake mna sa, ma na ki. Aliyesoma chuoni aliuvuka mto huu zamani. Alijifunza kuwa ب ikipata alama ya irabu iitwayo fat-ha ni ba, ikipata kasra ni bi, ikipata dhumma ni bu. Hiyo ndiyo silabi, na Kiswahili ni lugha ya silabi hasa: karibu kila silabi inaishia na irabu, na kila irabu ina sauti moja popote inapoandikwa.

Wala Kiswahili si kigeni kwa herufi hizo. Barua, mikataba na tenzi za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Za Kirumi zilishika nafasi kuanzia karne ya 19 kupitia misheni, kisha skuli za serikali ya kikoloni. Skuli hizo hazikuwafikia wengi, hasa wasichana na watu wa mashamba. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na hata baada ya hapo wapo walioachwa nyuma na umasikini, ndoa za mapema na kazi za konde. Kwa watu hao chuo ndicho skuli pekee waliyoiona.

Lakini kupita chuoni kuko kwa aina mbili. Yupo anayesoma msahafu mahali popote utakapomfunulia, na yupo aliyehifadhi sura za Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, kwa sikio, kidole kikitembea tu juu ya mistari. Wapo pia ambao hawakusoma chuo kabisa, na wasio Waislamu. Mwalimu asikisie. Ampime kila mmoja faraghani kwa dakika kumi hivi. Amwoneshe herufi kumi za Kiarabu zilizochanganywa azitaje. Kisha silabi kumi zenye irabu, zisizounda aya yoyote. Kisha maneno matatu ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi hizo, mfano بَبَ na كُكُ. Akiyafikia maneno hayo na kutabasamu, huyo ni msomaji. Kipimo kifanywe kwa kadi za herufi, si kwa msahafu: msahafu unataka udhu, na kadi zenye aya haziwezi kufutwa, kukanyagwa wala kutupwa ovyo kama kadi za darasani zinavyotupwa.

Irabu tatu zinakuwa tano

Hapa ndipo penye kazi. Kiarabu cha Kurani kina irabu tatu, na urefu wake. Kiswahili kina tano. Kwa hiyo kuanza na a, e, i, o, u kwa mpigo mmoja ni kumchanganya mtu ambaye angeweza kusoma maneno kamili siku ya kwanza.

Njia inayofaa ni kuanza na a, i na u peke yake, pamoja na konsonanti nane ambazo anazo tayari: n, z, k, s, m, t, b na l. Mwalimu anaandika بَ ubaoni na mbele yake ba, anaeleza kuwa ile fat-ha iliyokuwa juu ya herufi sasa imeshuka chini, imekaa kwenye mstari, na imekua hadi kulingana na herufi yenyewe. Kwa herufi hizo kumi na moja tu yanapatikana nazi, kazi, kuni, samaki, kisima, ukuta, kitabu, zabibu, mama, baba, na namba nne: tatu, sita, saba, tisa. Mtu mzima aliyesoma maneno kumi na nne ya maisha yake katika vipindi viwili vya mwanzo anarudi nyumbani na habari ya kuwaambia watu.

Kosa litakaloonekana mara moja ni kuacha irabu. Anaandika "smk" na kusoma "samaki" bila wasiwasi. Si uzembe. Katika macho yake irabu ni pambo la herufi, na Kiarabu cha magazetini na vitabuni kwa kawaida huandikwa bila alama za irabu fupi. Dawa yake ni mkono: apige kofi kwa kila silabi, sa-ma-ki, makofi matatu, kisha ahesabu irabu alizoandika. Zisipofika tatu, arudi. Irabu zote ubaoni ziandikwe kwa chaki ya rangi moja kwa mwezi mzima wa kwanza.

Kosa la pili ni la kuzidisha. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huivuta irabu kidogo. Sikio lililozoea madda, yaani kuvuta irabu, husikia "samaaki" na kuandika hivyohivyo. Waandishi wa zamani wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu nao walikuwa wakiweka herufi ya madda mahali pa mkazo. Mweleze kuwa mkazo hauandikwi. Irabu hurudiwa pale tu zinaposikika mbili, kama kaa, saa, choo, mzee.

Baada ya hapo ndipo zije e na o, na zisije siku moja. Mwanakisomo amezitamka tangu azaliwe, ila hati aliyoizoea ilizificha: kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Ukimwachia mwenyewe, ataandika "pisa" kwa pesa na "suku" kwa soko. Anza kwa kuitenga e na a, ambazo ziko mbali, kisha uiweke e uso kwa uso na i. Jozi za maneno ndizo zinazofanya kazi: lia na lea, pita na peta. Mama anayepeta mchele kila siku hatakubali kuambiwa kuwa anaupita. Kwa o na u zipo ua na oa, pua na poa, tua na toa, kuti na koti. Mwalimu atamke neno, mwanafunzi anyanyue kadi ya irabu aliyoisikia, na baadaye ndipo aandike. Asitie chumvi katika kutamka, kwa kuwa nje ya darasa hakuna atakayemtamkia hivyo. Jozi hizi zinahitaji kurejewa kila kipindi kwa wiki tano au sita, dakika tano tano. Wengi huzipitia siku moja na kudhani zimekwisha.

Konsonanti zenye wenzao na zisizo na wenzao

Kwa konsonanti, mtu wa chuoni ana faida ambayo mwalimu kutoka kwengine angeionea wivu. Sauti za th, dh na gh, zinazowasumbua Waswahili wengi wa bara, yeye anazo mdomoni: thamani, dhahabu, ghali. Kinachomsumbua ni kwamba ث, ذ, غ na ش ni herufi moja moja, na sasa anaambiwa kila moja iandikwe kwa mbili. Atatafuta herufi moja na kuandika "sahani" sawa, kisha "saba" kwa shaba na "gali" kwa ghali. Ziandikwe kwenye kadi moja zikiwa zimeungana, na kamwe asifundishwe kuwa sh ni "s na h". Ni herufi moja yenye miguu miwili.

Upande wa pili anapunguziwa mzigo. س na ص zote zinakuwa s. ت na ط zinakuwa t. ه na ح zinakuwa h. ذ, ض na ظ zinakuwa dh. Mwambie mapema, kwa sababu mwanafunzi makini atauliza iko wapi "s nzito", na akikosa jibu atahisi kuwa anafichwa kitu.

Kisha kuna wageni halisi: p, v, g, ch, ny na ng'. Hazimo katika Kiarabu cha Kurani, kwa hiyo hana pa kuzishikiza. Hizi ndizo zifundishwe polepole, moja kwa kila kipindi, kwa neno lililo mbele ya macho: pweza, vitunguu, gunia, chumvi, nyavu, ng'ombe. Ng' ije mwisho kabisa, ikilinganishwa na ngoma, ili ile alama ya juu ionekane ina kazi.

Maumbo yana mtego wake. Katika herufi za Kiarabu, ب, ت na ث ni bakuli moja. Zinatofautishwa na nukta. Jicho limefunzwa kutafuta nukta. Sasa anakutana na b, d na p, ambazo hazina nukta na zinatofautiana kwa upande wa kijiti na kitumbo tu. Kuzichanganya ni jambo la kutarajiwa, na kuzifundisha pamoja ni kulitafuta kosa. Ziachanishwe kwa wiki mbili angalau. Herufi kubwa nazo zisubiri. Mwanzoni zitumike kwenye majina tu.

Mstari unaanza kushoto. Chora nukta ya kijani ukingoni mwa kushoto wa ubao na wa kila ukurasa wa daftari, mkono uanzie hapo. Atakayelifunua daftari kwa nyuma asikemewe, maana vitabu vyote alivyowahi kushika vinafunuliwa hivyo. Kwa tarakimu, angalia ٥ na ٦ za pembezoni mwa msahafu: tano ya huko ni kama sifuri ya huku, na sita ya huko inafanana na 7. Aliyezoea simu ya mkononi ameshazijua za huku, lakini asiye na simu atakosea bei, na kosa la bei linauma.

Ile m inayosimama peke yake

Mtu, mti, mto, mkeka, nchi, nne. Hapa m na n ni silabi kamili bila irabu. Chuoni alikutana na herufi yenye sukuni, alama ya kukosa irabu, lakini haikuanza neno hata siku moja, kwa kuwa Kiarabu hakianzi neno kwa sukuni. Ndiyo maana ataandika "mutu" au kukwama kabisa. Mweleze kuwa Kiswahili kinaruhusu, kisha upige makofi: m-tu, mawili, m-ke-ka, matatu. Baadaye umwoneshe mbuzi, ambako m imegandana na b na makofi ni mawili tu.

Pemba na baadhi ya mashamba ya Unguja lipo jambo la ziada. Wengi hutamka "ntu" na "nchele". Akiandika anavyotamka hajakosea kusikia; amesikia vizuri mno. Aambiwe kuwa lahaja yake ni Kiswahili, na kwamba vitabu, fomu na barua hufuata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja cha mjini, na humo huandikwa mtu na mchele. Mwalimu anayemcheka mtu kwa lahaja yake amempoteza, na amempoteza kwa haki.

Kuhifadhi kunakofanana na kusoma

Mtego mkubwa kuliko yote ni huu. Chuoni kuhifadhi ni sifa, na watu wazima wa visiwani wana hifadhi ya ajabu. Somo likirudiwa mara tatu darasa zima wanalo kichwani, na mwalimu anaona wanasoma. Mjaribu kwa kumwanzisha katikati ya mstari. Mwombe asome kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza. Badilisha neno moja katika sentensi anayoijua: "Mama anauza samaki" iwe "Mama anaosha samaki". Akisema anauza, bado hajasoma. Vilevile mpe silabi zisizo na maana, kama zuki au bimata, maana hizo hakuna anayezihifadhi. Jaribio hili lifanywe kila wiki, kwa upole na bila kutangaza kuwa ni mtihani.

Ndugu yake kosa hilo ni kutamka bila kutafuta maana. Kwa miaka mingi amesoma maandishi ambayo thawabu yake iko katika kusoma kwenyewe, hata asipojua tafsiri. Kwenye Kiswahili kila neno analijua, lakini mazoea humfanya asiulize. Baada ya kila sentensi muulize jambo ambalo jibu lake limo humo: nani, wapi, kilo ngapi.

Halafu kuna maneno marefu. "Hatukuwapelekea" lina silabi nane. Anayesoma silabi moja moja hufika "a" ya mwisho na "ha" imeshamtoka. Dawa si kumharakisha. Ni kumfundisha vipande vinavyojirudia vikiwa vizima: nina-, ana-, tuli-, wata-, haku-, na mwishoni -ia, -ana, -wa. Kadi moja ya "tuta" ikibandikwa mbele ya kadi za mashina inatoa tutauza, tutalima, tutasoma. Hili lianze mara tu silabi za kawaida zinapotulia, maana ndipo kasi inapopatikana, na bila kasi hakuna anayesoma barua ya sheha, kiongozi wa shehia yake, hadi mwisho.

Konsonanti za Kiswahili, kwa hesabu ya kawaida, ni 25 ukiweka pamoja zile za herufi mbili; kwa irabu tano zinatoa jedwali la silabi 125. Baadhi ya walimu huzimaliza zote kwanza, ndipo waingie kwenye maneno. Hiyo ni kupoteza miezi. Kila kundi la silabi liingie na neno lenye kazi, likatwe, lipanuliwe, kisha lirudishwe kuwa maneno mapya siku hiyohiyo. Ndivyo Paulo Freire, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alivyofanya Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1960: neno tijolo, yaani tofali, lilikatwa ti-jo-lo, kisha ta, te, ti, to, tu. Kwetu neno liwe mwani Paje na Jambiani, karafuu Wete na Mkoani, ukili kwa wasuka mikeka.

Macho, mkono na maji

Kuanzia miaka 40 hivi macho ya karibu hupungua nguvu kwa kila mtu. Mwanakisomo akiusukuma ukurasa mbali na uso, au akiona vizuri ubaoni na kupotea daftarini, tatizo lake si akili. Anahitaji miwani ya kusomea, ambayo kwa kawaida huwa ya +1.00 hadi +3.00 kwa kadiri ya umri. Apelekwe kupimwa macho kabla hajakata tamaa. Maandishi ya darasani yawe makubwa, na kipindi kisivuke mwanga wa jua kama taa ni hafifu.

Mkono uliozoea jembe hubana kalamu mpaka karatasi inatoboka. Vipindi vya kwanza aandike kwa chaki sakafuni au kwa kidole mchangani, herufi kubwa za shubiri moja, kwa bega zima. Kalamu ya risasi nene ije baadaye, mistari mitano kwa siku inatosha.

Ratiba ifuate kazi za watu. Wakulima wa mwani huwa baharini siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokauka mbali. Siku za maji mafu ndizo za darasa. Kwenye mashamba ya karafuu, msimu wa kuchuma ni wa kupunguza vipindi, si wa kulalamikia mahudhurio, na ni wakati mzuri wa kusoma kwa vitendo: pishi ngapi, kilo ngapi, shilingi ngapi kwenye stakabadhi. Watu hawa wanajua hesabu za kichwani vizuri. Waache wataje jibu kwanza, kisha uwaoneshe jinsi ya kuliandika.

Limebaki jina. Karibu kila mwanakisomo anataka kwanza aache kutia dole. Asisubirishwe mpaka afike herufi zake; aandike jina lake siku ya kwanza kwa kunakili, hata kama Khadija lina kh ambayo haijafika, na aambiwe wazi kuwa kwa sasa anachora. Mwalimu achukue kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na kunakili herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Khadija, asimwandikie Hadija, na kama kinasema Hamisi asimtengenezee Khamis, kwa sababu karani wa benki atalinganisha. Miezi mitatu baadaye jina hilohilo lirudi ubaoni, likatwe kha-di-ja, mwenyewe aone kila kipande kinavyosema.